Nishani ya Kijana na Saini ya Mkubwa

Kila mwaka, shule zikaribiapo kufungwa, wazazi wa Mbulu na Hanang hualikwa kwenda kuketi chini ya miti au ndani ya mabwalo, wakashuhudie watoto wao wakipewa zawadi. Huitwa wa kwanza katika hesabu, wa kwanza katika Kiingereza, wa kwanza katika mbio. Mgeni wa heshima huwapa mkono na watu hupiga makofi. Sisi tuliosomeshwa katika shule za misheni twaikumbuka vema siku hiyo, na twakumbuka pia ya kwamba wengi wetu tuliiendea mikono mitupu na tukarudi mikono mitupu, mwaka baada ya mwaka, wala hatukuona ajabu, maana tangu mwezi wa Februari kila mtu alikwisha kujua ni nani atakayeitwa. Darasa zima lilikuwa watazamaji wa wenzao wawili au watatu.

Hatusemi kwamba zawadi ya namna hiyo ni mbaya. Mwenye akili nyingi na mwenye miguu myepesi wanastahili heshima yao. Lakini leo twapenda kuzungumza na wasomaji wetu juu ya zawadi ya namna nyingine, ambayo kijana haipati kwa kumshinda mwenzake bali kwa kuitimiza ahadi aliyojiwekea mwenyewe. Na juu ya jambo moja ambalo lisipoangaliwa huigeuza zawadi hiyo kuwa karatasi tupu.

Ili tueleweke, na tuanze na mtu wa Mbulu. John Stephen Akhwari alizaliwa huko mwaka 1938, na tarehe 20 Oktoba 1968 alikuwa mjini Mexico akiikimbilia nchi yetu katika marathoni ya Michezo ya Olimpiki. Watu 75 walianza mbio hizo. Njiani, wakimbiaji walipokuwa wakisongamana, Akhwari alianguka, akaumia vibaya goti na bega. Mamo Wolde wa Uhabeshi alishinda kwa saa mbili, dakika 20 na sekunde 26. Akhwari aliingia uwanjani zaidi ya saa moja baadaye, giza limekwisha kuingia, watu wengi wamekwisha kwenda zao, goti limefungwa kitambaa, akichechemea hata akaukata mstari. Alikuwa wa 57, na ndiye aliyekuwa wa mwisho miongoni mwa waliomaliza. Walipomwuliza kwa nini hakuacha, alijibu kwa maana ya kwamba nchi yake haikumtuma kwenda kuanza mbio tu bali kuzimaliza. Watu wengi hukoma hapo katika kuisimulia habari yake. Sisi twapenda kuongeza ya kwamba mwaka 1970, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Edinburgh, Akhwari huyo huyo alikuwa wa tano katika marathoni. Hakuwa mtu wa kushindwa aliyependwa kwa huruma. Alikuwa mkimbiaji hodari ambaye siku moja aliumia na hakuliacha neno lake.

Basi zipo nishani zilizotengenezwa kwa ajili ya moyo kama huo. Iliyoenea kuliko zote ni ile iliyoanzishwa Uingereza mwaka 1956 kwa jina la Mtawala wa Edinburgh, mume wa Malkia Elizabeth. Fikra zake zilitoka kwa mwalimu mmoja Mjerumani mwenye asili ya Kiyahudi, Kurt Hahn, aliyetiwa kifungoni mwaka 1933 kwa kuwapinga watu wa Hitler, akahamia Uskoti na kufungua shule huko Gordonstoun mwaka 1934. Hahn aliona kwamba vijana wa zama zake walikuwa wakipoteza ukakamavu wa mwili, ustadi wa mikono, moyo wa kuanza jambo na huruma kwa jirani, na kwamba mtihani wa darasani haukuweza kuyapima mambo hayo hata moja. Aliyekabidhiwa kazi ya kuiendesha nishani hapo mwanzo alikuwa John Hunt, yule aliyeongoza msafara ulioufikia upeo wa mlima Everest mwaka 1953. Leo nishani hiyo inaendeshwa katika nchi zaidi ya 130, na nchi nyingi huipa jina lao wenyewe.

Tunajua kuna wasomaji watakaokunja uso na kusema, hayo ni mambo ya Waingereza, yatufaa nini? Majirani zetu wa Kenya walijiuliza swali hilo hilo mapema. Mwaka 1966, wakati wa Mzee Jomo Kenyatta, waliichukua nishani hiyo wakaifanya Tuzo ya Rais, na mwaka 2017 Bunge lao likaitungia sheria yake. Imeingia katika shule na vyuo, na hata katika nyumba wanamotiwa vijana waliovunja sheria. Kitu kikiwa chema, mtu hakiachi kwa sababu ya mlango kilipopitia. Hukichukua, akakifua, akakivaa kwa namna yake.

Utaratibu wake si mgumu. Kijana wa miaka 14 mpaka 24, awe mwanafunzi au asiwe, hujiandikisha kwa hiari yake. Kuna daraja tatu: Shaba, Fedha na Dhahabu. Katika kila daraja hufanya mambo manne: kuwatumikia wengine bila malipo, kujifunza ustadi fulani, kufanya mazoezi ya mwili, na kufunga safari ya miguu pamoja na wenzake wachache, wakijibebea chakula na malazi yao. Kwa Shaba, yale matatu ya kwanza hudai muda wa miezi mitatu kila moja, na moja kati ya hayo huongezwa miezi mitatu tena, hivyo kwamba nishani haipatikani kwa muda ulio chini ya miezi sita. Fedha kwa anayeanza moja kwa moja ni mwaka mmoja, na Dhahabu ni mwaka mmoja na nusu. Wenye kuitafuta Dhahabu huongezewa la tano: kukaa siku tano mahali pageni pamoja na watu wasiowajua, wakifanya kazi yenye maana. Kipimo cha kila juma ni saa moja tu. Na shabaha huwekwa na kijana mwenyewe: anayejua kukimbia kilomita tano huahidi kitu kilicho mbele ya hapo, na asiyeweza hata moja huahidi moja. Wote wawili wakitimiza, nishani yao ni moja.

Saa moja kwa juma! Msomaji atasema hayo ni mambo mepesi. Na ajaribu yeye mwenyewe, kwa majuma 13 yakifuatana, mvua ikinyesha na kazi ikizidi, bila kuruka hata juma moja.

Sasa tunafika kwenye jambo lenyewe. Nani ajuaye kwamba kijana ametimiza? Hakuna mtihani wala msimamizi atokaye wilayani. Kila sehemu ina mtu mzima mmoja aliye na ujuzi wa kazi ile, ambaye huketi na kijana mwanzoni wakapatana shabaha, humtazama mara kwa mara, na mwishoni huandika katika daftari yale aliyoyaona na kutia saini. Sharti mojawapo ni kwamba mtu huyo asiwe mzazi wala ndugu wa kijana. Nishani yote, tangu Shaba hadi Dhahabu, imesimama juu ya saini hiyo. Saini ikiwa ya kweli, kijana amepata kitu ambacho hakuna awezaye kumnyang'anya. Saini ikiwa ya uongo, basi tumemfundisha mtoto wa miaka 14, tena mbele ya mwalimu wake, ya kwamba cheti hupatikana kwa kalamu ya mtu mwema.

Nasi tumekwisha kuyaona. Katika shule moja, ambayo si ya wilaya hizi na ambayo hatutaitaja, tulionyeshwa daftari za utumishi za wanafunzi wengi, zilizojazwa kwa wino mmoja, mwandiko mmoja, na pengine, kwa jinsi ukurasa ulivyokuwa safi, katika jioni moja. Mwalimu aliyezijaza hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na vipindi vingi, alikuwa peke yake, na mgeni alikuwa anakuja kesho yake. Hatukuwa na ujasiri wa kumlaumu, lakini hatukuweza kuwapongeza wanafunzi wake pia, na hiyo ndiyo dhuluma yenyewe, maana bila shaka wamo miongoni mwao waliofanya kazi kweli kweli.

Jambo hili la saini si geni katika historia yetu. Mwaka 1967, Mwalimu Nyerere alipoandika juu ya Elimu ya Kujitegemea, alilalamika kwamba shule zetu ziliupa mtihani uzito mno, na kwamba mtihani huo ulipima kumbukumbu tu. Mwezi Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya TANU ilipokutana Musoma, ikaazimia kwamba wahitimu wa sekondari wasiende moja kwa moja Chuo Kikuu. Wakitoka Jeshi la Kujenga Taifa wafanye kazi kwanza, kisha waombe nafasi wakiwa na ushuhuda wa mwajiri na wa tawi la chama. Nia ilikuwa njema sana: kijana apimwe kwa kazi na tabia, si kwa karatasi. Lakini tazameni uzito uliowekwa juu ya kalamu ya mtu mmoja. Ushuhuda wa tabia, ukiwa ndio ufunguo wa Chuo Kikuu, hauna budi kuwa kishawishi kwa anayeuomba na kwa anayeuandika. Tena palitokea jambo ambalo halikutazamiwa: hesabu ya wasichana walioingia Chuo Kikuu ilishuka, hata baada ya miaka michache ikabidi waruhusiwe kuingia bila kupitia njia ile ndefu. Masharti yalikuwa yale yale kwa wote, lakini hayakuwaangukia wote kwa uzito ule ule.

Twataja mambo hayo si kwa kuwalaumu wazee wetu, bali kwa sababu anayetaka kuendesha nishani ya vijana katika shule za Mbulu au Hanang atakutana na mambo hayo mawili siku ya kwanza: kalamu, na msichana.

Kwanza msichana. Katika nyumba nyingi za huko, kijana wa kiume akitoka shuleni hutupa daftari akaenda mpirani. Dada yake huchukua ndoo. Maji, kuni, moshi wa jikoni, mdogo wake mgongoni. Na kazi hizo, ijapokuwa ni utumishi wa hali ya juu, hazihesabiwi katika nishani kwa kuwa ni za nyumbani kwao. Ukimwambia atafute saa nyingine kwa ajili ya ustadi na saa nyingine kwa ajili ya mazoezi, unamwambia azitafute usiku. Basi yapasa saa hizo ziwekwe ndani ya siku ya shule, kabla ya kengele ya mwisho, au sivyo orodha ya wenye nishani itakuwa ya wavulana na ya mabinti wachache wanaolala bwenini. Tunawasihi walimu wakuu walipime jambo hili kabla ya kununua hata daftari moja.

Halafu kijana asiye shuleni. Nishani haikuwekwa kwa wanafunzi peke yao. Huko nyanda za Basotu na Bassodesh wako vijana wa Kidatoga wa miaka 16 na 17 wenye kuchunga makundi makubwa, wanaojua dalili za ugonjwa wa ng'ombe kuliko wengi wetu tulio na vyeti. Mmoja wa namna hiyo angeweza kuchagua kuwa ustadi wake kujifunza kusoma na kuandika, na mpimaji wake awe mwalimu wa shule ya msingi iliyo karibu. Au kujifunza dawa za mifugo kwa bwana mifugo wa kata. Juu ya mazoezi ya mwili hatuna haja ya kusema mengi kwa watu wa nchi iliyomtoa Gidamis Shahanga, aliyeshinda marathoni ya Jumuiya ya Madola huko Edmonton mwaka 1978 na mbio za mita 10,000 huko Brisbane mwaka 1982. Wala kwa jirani zao wa Karatu, ambayo zamani ilikuwa sehemu ya Mbulu, alikozaliwa Filbert Bayi.

Juu ya safari, wilaya hizi zina utajiri ambao shule za mijini zingeununua kwa fedha nyingi. Mlima Hanang una kimo cha mita 3,420 hivi, na njia yake moja huanzia hapo hapo Katesh. Lakini mtu asidhani kwamba kufika kileleni ndiko kupata nishani. Safari ya Shaba ni ya siku mbili na usiku mmoja, yenye saa zisizopungua sita za kazi kila siku, na hutanguliwa na safari ya mazoezi. Vijana huwa wanne mpaka saba katika kundi, hupanga wenyewe njia na chakula, na mkubwa wao hufuata kwa mbali bila kuwaongoza, akiwa karibu kiasi cha kusaidia likitokea jambo. Mlima huo ni hifadhi ya msitu, hivyo ruhusa huombwa kwa wakala wa misitu. Maji juu huko ni ya shida wakati wa kiangazi, na lazima yabebwe. Wakati wa masika, kwa maoni yetu, mtoto wa mtu asipandishwe kabisa.

Na safari iwe na shughuli. Alfajiri ya tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua nyingi, sehemu ya mlima huo ilimeguka. Mawe, magogo na tope vikashuka kwa mkondo wa Jorodom hata mjini Katesh na vijijini, vikaua watu zaidi ya 80 na kuacha wengi bila makao. Wataalamu walieleza kwamba miamba laini ya mlimani ilikuwa imenywa maji mengi hata isiweze kujishikilia. Wapo leo katika madarasa ya huko vijana waliozika ndugu zao wiki ile. Kundi la vijana watano lenye kalamu na karatasi laweza kuufuata mkondo mmoja tangu chini mpaka ukingo wa msitu, likachora palipokatika kingo, palipokatwa miti, na palipojengwa nyumba mahali pasipofaa, kisha likaupeleka mchoro ule kwa serikali ya kijiji. Hiyo ni safari, na ni utumishi pia kama wakirudi kupanda miti na kuipalilia kwa miezi mitatu. Tunasisitiza kuipalilia. Miti iliyopandwa mbele ya mgeni wa heshima ikafa kabla ya mwezi kwisha, tumeiona mingi mno.

Kadhalika upande wa Mbulu, mzee wa Kainam ajuaye namna babu zake walivyoilima milima ile mikali bila kuipoteza ardhi, kwa samadi na kwa mifereji ya kuyapunguzia maji kasi, ni mwalimu wa ustadi ambaye hakuna chuo kitakachompa cheti. Mhunzi wa Kidatoga afuaye bangili na vichwa vya mishale ni mwalimu mwingine. Muuguzi wa Haydom, ambako hospitali ya Kilutheri imekuwa ikihudumia watu tangu mwaka 1955, ni mwingine. Seremala wa Dongobesh, fundi wa trekta wa Basotu, karani wa tawi ajuaye kuweka hesabu za fedha.

Hapo ndipo tunapowageukia ninyi, ndugu wanachama na wafanyakazi, maana hao ndio ninyi. Kosa kubwa la wanaoanzisha nishani ni kumtwika mwalimu mmoja kila kitu. Mwalimu huyo, akiwa mwenye ari, hufaulu kwa mwaka mmoja na nusu. Kisha huja barua ya uhamisho, na kabati la daftari hufungwa kwa kufuli ambalo ufunguo wake umekwenda naye. Nishani iliyo mikononi mwa watu kumi na wawili wa mahali pale, kila mmoja na vijana wake wachache, haihamishwi kwa barua.

Tunajua pia ugumu wa kazi tunayowaomba. Katika kijiji ambamo kila mtu ni shemeji au mjomba wa mtu, kukataa kutia saini si jambo dogo. Mama wa kijana atakutana nawe kisimani, na baba yake kilabuni. Lakini sheria ya nishani yenyewe inakupa njia: kijana asiyetimiza hafeli. Hakuna neno "ameshindwa" katika daftari lile. Huambiwa, bado, huongezewa muda, na aweza kuendelea mpaka atimize miaka 25. Mpimaji asemaye "bado majuma manne" hajamvunja mtu heshima, bali ameilinda heshima ya wale waliokwisha kutimiza.

Kuna swali la fedha, nalo hatutalikalia. Kituo kinachotaka kutoa nishani hiyo kwa jina lake hakina budi kuomba idhini kwa wenyewe na viongozi wake kufundishwa, na gharama zake zipo. Shule ya kata ambayo haijaweza kufika huko haizuiwi na mtu kuandika daftari la aina hiyo kwa penseli, kufuata miezi ile ile na masharti yale yale ya saini, na kutoa cheti chake yenyewe, mradi isijiite kwa jina isilopewa. Mahema yaweza kuazimwa, na sufuria pia.

Mwalimu mkuu anayetaka kuanza mwezi wa Januari, ili safari ifanyike kiangazi cha Juni au Julai, asianze kwa kutangaza gwaride. Mwezi wa Desemba awaite seremala, muuguzi, bwana shamba, mhunzi, mzee wa matuta, na yeyote mwenye kazi ya mikono au ya kalamu, wakae. Awasomee masharti, hasa lile la undugu. Amwulize kila mmoja ana saa moja siku gani ya juma, na ni vijana wangapi awezao kuwatazama kwa macho yake mwenyewe. Majina ya watu hao yaandikwe kwanza, kabla ya jina la mwanafunzi yeyote. Wakipatikana watano, na kila mmoja akasema anaweza vijana watatu, basi aandikishe 15, hata kama waliojipanga mlangoni ni mia.